Habari za Huko Juu

Makofini ni nchi isiyo na matatizo. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akausoma mkasa huu kwa jicho baya, akadhani kuna mtu ninayemsema. Hakuna. Mimi ni mtumishi wa umma, mpiga makofi daraja la pili katika Wizara ya Hafla na Shangwe, na tangu niajiriwe sijaona jambo lililoharibika likakosa kupongezwa. Viganja vyangu vimevimba kidogo, lakini huo ni uvimbe wa heshima.

Jirani zangu wameniomba niwaeleze habari za Siwema Kibindo, mwanamke wa kwanza wa Makofini kwenda angani, kwa kuwa siku ile ya kurudi kwake nilikuwa ukumbini, safu ya tatu. Nitaeleza bila kutia chumvi. Chumvi kwetu inatolewa kwa kibali.

Siwema alizaliwa Mtakuja, kwenye mashamba ya mtama, akiwa na magonjwa mawili: pumu na hesabu. Pumu ilipona. Alipokuwa mkubwa akasomea urubani, akapewa kindege cha kunyunyizia dawa ya kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza mtama. Wakulima walimpenda mno, kwa sababu marubani waliomtangulia walikuwa wakiwanyunyizia wakulima na kuwaacha ndege.

Ikatokea taifa moja rafiki likatuzawadia chombo cha angani. Kilikuwa kimetumika, ila mara moja tu, tena kwa uangalifu. Tulikipa jina la Baba Mlezi wa Taifa, kama tulivyokwisha kuyapa madaraja, shule, uwanja wa mpira na aina moja ya mbegu za mahindi. Aliyeteuliwa kukirusha alikuwa mpwa wa waziri. Kijana yule alijiandaa sana: alipigwa picha na vazi la angani katika kila mkoa. Kisha, kwenye kikao cha maandalizi, Injinia Tabu Ngwale, mwanamama mkimya aliyesimamia mitambo, akataja kwa bahati mbaya kwamba chombo kile kitaondoka ardhini kweli.

Wiki iliyofuata mpwa wa waziri akapatwa na maumivu ya mgongo, na serikali ikakumbuka kwamba wanawake wapo.

"Wakati wa mwanamke umefika!" alisema waziri, na tukapiga makofi.

Siwema aliitwa mbele ya kamati ya usaili. Wanaume watano wakamuuliza nani atampikia mumewe. Akajibu kuwa hana mume. Kamati ikafurahi, halafu ikaingiwa na wasiwasi, ikamuuliza kwa nini hana. Hapo akaingilia kati Bwana Hemedi Tarabushi, Mkuu wa Itifaki, mtu mwenye sauti ya mahubiri na koti lenye vifungo vya shaba.

"Binti, mimi sina maswali ya mitambo," alisema. "Nina moja tu. Kusalimia unaweza?"

"Nimelelewa, mzee," akajibu Siwema.

Kazi akaipata hapo hapo.

*

Msomaji wa nchi nyingine huenda asijue uzito wa swali lile. Makofini hakuna anayefungua kinywa hadharani kabla ya kuwataja waheshimiwa wote waliopo, kwa vyeo na kwa mpangilio. Zamani mtu aliweza kusema "itifaki imezingatiwa" akaendelea na yake, lakini Bwana Tarabushi alilifuta fungu hilo la maneno baada ya naibu waziri mmoja kulia machozi kwa kutotajwa.

Jambo la pili halimo katika sheria yoyote, limo katika malezi. Ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Hata kama nyumba inaungua nyuma yako, kwanza ni nzuri, halafu ndipo unasema "ila". "Nzuri, ila tumefiwa na baba." "Nzuri, ila mguu umekatwa." Tunawashangaa sana wageni ambao wakiulizwa hali hujibu hali.

La tatu ni picha. Kila mahali pa kazi pawe na picha ya Baba Mlezi, juu ya vichwa vya wafanyakazi. Chumba cha chombo kilikuwa chembamba, na fremu ya dhahabu iliyoletwa ilikuwa pana. Mafundi wakapima wakaona nafasi ni moja tu, pale ulipofungwa mtungi wa hewa ya akiba.

Injinia Tabu alikwenda mwenyewe ofisini kwa Bwana Tarabushi.

"Mzee, mkiutoa ule mtungi, na ikitokea hitilafu, Siwema atapumua nini?"

"Atapumua uzalendo," alisema Bwana Tarabushi. Kisha akamtazama vizuri. "Halafu itokee hitilafu gani? Injinia, wewe unatutakia mabaya?"

Tabu akaaga, maana ana watoto. Mtungi ukatolewa, na kwa kuwa sisi hatupotezi mali ya umma, hewa yake ikatumika kujazia maputo ya sherehe.

*

Chombo kiliruka na kufika angani, jambo lililowashangaza wote waliohusika. Siwema alikaa huko kwa siku alizopangiwa, akapanda mbegu za mtama ndani ya chupa, zikaota. Ikafika siku ya kushuka.

Ukumbi wa mitambo ulikuwa umependeza kama wa harusi. Mashine zote zilifunikwa vitambaa vya satini, kwa sababu taa zake hazikuendana na rangi za taifa. Maputo yalijaa darini. Mbele kabisa, juu ya meza, palikuwa na kitufe cha kushushia chombo, kimezungushiwa utepe, na pembeni yake mkasi juu ya mto wa mahameli. Baba Mlezi ndiye angeukata utepe na kukibonyeza. Bila mgeni rasmi hakuna kinachofunguliwa Makofini, wala kinachofungwa, wala kinachoshuka.

Mgeni rasmi alikuwa njiani.

Chombo kilikuwa kinaizunguka dunia, na kila kilipopita juu yetu tulimsikia Siwema kwa dakika chache tu, maana nchi yetu ni ndogo kwa eneo ingawa ni kubwa kwa itifaki. Kilipopita mara ya kwanza asubuhi ile, sauti yake ikajaa ukumbini.

"Hewa ina—"

Bwana Tarabushi akazima sauti. Swichi ilikuwa mkononi mwake.

"Kapteni," alisema kwa upole wa mwalimu, "sauti isiyosalimia haisikiki. Anza upya."

Akaiwasha. Siwema akaanza: Mheshimiwa Waziri wa Hafla na Shangwe, Mheshimiwa Waziri wa Anga, manaibu wao, makatibu, Mwenyekiti wa Kamati ya Utepe, wazee wetu wa dini zote, waheshimiwa wenza wa waheshimiwa. Aliwataja vizuri, mmoja hadi mwingine, na Bwana Tarabushi alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kapteni Siwema Kibindo," akasema mwishowe, "habari za huko juu?"

"Nzuri, ila—"

Tukapiga makofi. Tumefundishwa kuanza kwenye neno "nzuri", na safu ya tatu ndiyo inayoongoza. Tulipiga hadi viganja vikawaka moto. Tulipomaliza, chombo kilikuwa kimekwisha vuka mpaka na palibaki mkwaruzo tu kwenye spika. Redio ya taifa ikatangaza papo hapo kwamba habari za angani ni nzuri.

*

Yaliyokuwa yakitendeka kule juu tuliyajua baadaye. Bomba la hewa lilikuwa limepata ufa. Mshale wa kipimo ulitoka kwenye kijani ukaingia kwenye njano, nao haukuwa na haraka, ila haukusimama. Siwema alifanya kama alivyofundishwa: alipeleka mkono nyuma ya kiti kushika mtungi wa akiba. Mkono ukagusa kioo. Akageuka, akamwona Baba Mlezi anatabasamu ndani ya fremu ya dhahabu.

Alimtazama kwa muda, halafu akaacha, kwa sababu hasira inakula hewa. Akaamua asijitikise, avute pumzi fupi fupi, asubiri kupita tena juu ya nyumbani.

Huku chini Injinia Tabu aliona kitu. Chini ya satini, upande wa kushoto, palikuwa na taa nyekundu inayowaka na kuzima, inapita kwenye kitambaa kidogo kidogo. Akainuka, akainua pindo la kitambaa, akasoma. Akamwendea Bwana Tarabushi mbio.

"Mzee, hewa inavuja. Tumshushe sasa hivi."

"Mgeni rasmi yuko njiani."

"Yuko njiani wapi?"

"Anafungua zahanati kwanza. Halafu kuna kisima. Injinia, rudisha kitambaa."

"Atakufa!"

"Punguza sauti, kuna mabalozi. Mwenyewe si amesema nzuri? Ukumbi mzima umesikia. Wewe unajua ya angani kuliko aliyeko angani?"

Tabu alibaki amesimama, amejikumbatia kwa mikono miwili. Mimi nilimwona, nikadhani ana baridi.

Chombo kikaja tena. Safari hii waheshimiwa walikuwa wameongezeka. Wabunge walifika, wakuu wa wilaya walifika, na bodi nzima ya korosho ilifika ingawa Makofini haina mkorosho hata mmoja. Ilibidi Bwana Tarabushi kwanza amsomee Siwema majina mapya ili aweze kuyasalimia.

"Mzee, nakuomba," sauti ya Siwema ilikuwa imepungua, "nakuomba jambo moja tu—"

Swichi. Kimya. Swichi.

"Kwa utaratibu, Kapteni."

Akaanza. Mheshimiwa Waziri. Akavuta pumzi. Mheshimiwa Naibu. Akavuta pumzi. Sasa tulizisikia zile pumzi, kavu, zinafuatana upesi, na mke wa mheshimiwa mmoja mbele yangu akanong'ona kuwa binti ameguswa na heshima aliyopewa, analia. Alifika kwa wakuu wa wilaya. Alifika katikati ya bodi ya korosho. Hapo mkwaruzo ukaingia, akapotea, na kule aliko mshale ukagusa nyekundu.

*

Mama yake alikuwa amepangiwa kiti nyuma kabisa, pamoja na wananchi. Bi Mgeni Kibindo, mkulima wa mtama, mwembamba, amejifunga kanga mpya aliyopewa na wizara yenye picha ya Baba Mlezi mgongoni. Tangu chombo kilipopita mara ya pili hakuwa amekaa. Mtoto wa pumu unamlea kwa masikio. Unalala chumba cha pili, na pumzi yake ikibadilika wewe umekwisha amka.

Tulipousikia mkwaruzo wa kuashiria kwamba chombo kinakaribia kwa mara ya tatu, alianza kutembea kuja mbele.

"Mama, mama," Bwana Tarabushi akamzuia kwa tabasamu, "zamu ya mzazi ipo kwenye ratiba. Baada ya ngoma, kabla ya soda."

"Nipishe, baba."

"Mama yangu, nakuheshimu sana, lakini—"

"Nimesema nipishe."

Sijui alimtazama vipi, lakini Bwana Tarabushi alisogea nusu hatua, akaisahau swichi mkononi, na nusu hatua ilimtosha Bi Mgeni kufika kwenye kipaza sauti.

"Wema! Wema, mwanangu!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za huko?"

Pakawa kimya. Hata mimi nilikisikia kile kimya, na kilinikaa vibaya. Kisha, polepole, kama mtu anayeinua kitu kizito:

"Nzuri, mama."

Tukainua mikono.

"Nyamazeni!" Bi Mgeni alitugeukia, na mikono yetu ikabaki hewani. Kisha akarudi kwenye kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili. "Nzuri hiyo wape wao. Mimi mama yako nipe ila."

"Mama..."

"Ila nini, Wema?"

"Ila hewa imekwisha, mama. Mtungi wa akiba haupo. Nisiposhuka mzunguko huu, mama, sishuki tena."

Puto moja likapasuka darini. Hakuna aliyecheka.

Injinia Tabu alikuwa tayari anakimbilia kitufe. Bwana Tarabushi akamtangulia, akakilalia kwa tumbo, vifungo vya shaba vikigonga meza.

"Hakibonyezwi!" alipiga kelele. "Utepe haujakatwa! Askari! Mgeni rasmi yuko njiani!"

Askari wakaja, sita, kutoka pande zote. Kwenye spika pumzi za Siwema zilikuwa zikiendelea, na chombo kilikuwa kinaukaribia mpaka. Nilitamani mtu afanye kitu. Niliangalia kushoto na kulia nikaona wote wanatamani hivyo hivyo, kila mmoja akimsubiri mwenye cheo.

Bi Mgeni alikiweka kipaza sauti chini, taratibu, kisivunjike. Akasimama baina ya askari na meza. Akapeleka mkono kwenye fundo la kanga yake, kiunoni.

"Nimezaa mmoja," alisema. "Huyo mnayemsikia. Sasa nani kati yenu anataka kuuona uchi wa mama?"

Watu wa kwetu tunaweza kuvumilia kodi, tunaweza kuvumilia hotuba. Laana ile hatuivumilii, kwa sababu haina rufaa. Askari wote sita waligeukia ukutani. Waziri alijifunika uso kwa ratiba. Na Bwana Tarabushi, ambaye naye ana mama, aliinua viganja vyote viwili akaziba macho, na alipoinua viganja akainuka naye mzima.

Tabu hakuutafuta mkasi. Aliung'ata utepe kwa meno, ukakatika, akabonyeza.

Nje, wakati huo huo, ving'ora vya msafara wa mgeni rasmi vilisikika, na bendi ikaanza wimbo wa taifa.

*

Chombo kiliangukia shamba la mtama, mkoa wa jirani. Wakulima waliufungua mlango kwa majembe, wakamtoa Siwema, midomo imegeuka rangi. Mzee wa kwanza kufika alimwinamia akamuuliza kwa adabu, "Habari yako, binti?"

Hakumjibu. Alikuwa anapumua.

Serikali haikulala. Tume iliundwa, nayo ilifanya kazi kwa weledi mkubwa. Ilithibitisha kwanza kwamba picha ya Baba Mlezi imerudi kutoka angani bila mkwaruzo, ikapendekeza ipewe nishani ya ushujaa, ikapewa. Ilimkuta Injinia Tabu na hatia ya kukata utepe bila wadhifa. Sasa anapima mvua kwenye kituo kimoja cha mpakani ambako hainyeshi. Bi Mgeni hakuna aliyethubutu kumhoji, na ile kanga alikwisha irudisha wizarani, imefuliwa na kupigwa pasi.

Kuhusu chanzo cha tukio, tume ilipima ushahidi ikaona mambo yote yalikuwa yakienda vizuri mpaka pale neno "ila" lilipotamkwa. Bunge likapitisha Sheria ya Habari Njema, inayokataza kulitamka neno hilo mbele ya watu. Haikusema lolote kuhusu kuliandika, ndiyo maana naliandika bila hofu, au kwa hofu ya kawaida.

Siwema naye aliitwa Ikulu kushukuru. Ilikuwa adhuhuri, ukumbi mwingine, lakini safu yangu ile ile. Bwana Tarabushi alimwelekeza kuwa ajibu neno moja, kisha ashuke jukwaani. Baba Mlezi akauliza kwa sauti ya baba:

"Habari za huko juu, mwanangu?"

"Nzuri," akasema Siwema.

Halafu hakushuka. Alisimama palepale, mdomo ameufunga, anatutazama. Sheria haikatazi kunyamaza, lakini kile kimya kilisikika mpaka nyuma, na kila aliyekuwa ukumbini alijua ni neno gani limesimama ndani yake. Tulipaswa kupiga makofi. Mikono yangu, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, haikupanda.

Hawakumrusha tena, wala kindege cha kwelea kwelea hawakumrudishia. Anafundisha hesabu katika shule ya wasichana Mtakuja. Wanasema kila asubuhi anawauliza watoto habari zao, wanajibu nzuri, na yeye anasubiri. Mchezo huo umesambaa. Sokoni, hospitalini, kwenye foleni ya maji, mtu anasema nzuri, na mwenziwe haondoki.

Juzi nilikutana naye barabarani, mbele ya duka la mkate. Alinitambua yeye, mimi nilijifanya sikumwona.

"Shikamoo, mzee Farijala."

"Marahaba, mwanangu."

Akanyoosha mkono kunisalimia. Nilimpa kifundo cha mkono, kama anavyofanya mtu aliyetoka shambani na udongo, lakini mimi sikuwa nimetoka shambani. Viganja nilivikunja. Siku hizi vidole havifungi vizuri, na jioni mke wangu ndiye anayenilisha. Daktari wa wizara aliniuliza habari, nikamwambia nzuri, akanipa cheti kwamba mikono ni mizima.

"Habari za siku nyingi?" akauliza Siwema.

"Nzuri," nikasema. "Nzuri kabisa."

Hakuondoka. Alikuwa ameshika kifundo changu, ananitazama kama mama yake alivyokitazama kile kipaza sauti. Nilitazama kushoto. Palikuwa na askari mmoja anakunywa chai. Nilitazama kulia. Kifua kilinibana kama chumba kisicho na dirisha.

Nikavuta pumzi, nikalisema lile neno.